Vidonge vya Mama Elibariki

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, nikipanda Mlima Meru na mkoba uliojaa madodoso. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanangu, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu nilikuwa na kitambulisho shingoni.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa miezi michache kwenye utafiti. Wakubwa wetu walitaka kujua watu wa Arusha wanapata wapi dawa, wanazinywaje, na zinapokosekana wanafanya nini. Ninyi mnaofanya kazi hii leo mnabeba vishikwambi. Sisi tulibeba makaratasi, na mvua ikinyesha tuliyakumbatia kama watoto wachanga. Wiki ya kwanza nilizunguka mjini kwenye maduka ya dawa ya Lemara, Olasiti na huku kwetu Daraja Mbili, nikiandika dawa zipi zipo na zipi hazipo. Wiki ya pili nikatumwa mlimani, kwa wakulima wa kahawa na ndizi, kuwauliza watumiaji wenyewe.

Nyumba ya tatu siku ile ilikuwa ya Mzee Anaeli na mkewe, Mama Elibariki. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa na kuhama, wamebaki wawili. Wote wawili walikuwa na presha, na zahanati ya pale chini iliwapa dawa ya aina moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na baridi hii?"

"Daraja Mbili."

"Basi sogea kwenye moto kwanza. Hayo maswali hayatakimbia."

Sikusogea. Nilikuwa na nyumba nyingine tano kabla ya jioni. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, nikafungua karatasi. Mzee Anaeli akaketi pembeni kusikiliza. Mafunzoni tulielekezwa kumhoji kila mtu akiwa peke yake, lakini nilijiambia kwamba wazee walioishi pamoja miaka yote ile hawana cha kufichana. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa dogo.

Nikafika kwenye swali la dawa. Nikamuuliza kama kwa wiki mbili zilizopita alikuwa amekunywa vidonge vyake kila siku. Mama Elibariki akamtazama mumewe, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Kila siku," alisema.

"Tunakunywa pamoja asubuhi," Mzee Anaeli akadakia. "Yeye ndiye anayenigawia. Bila yeye mimi ningesahau."

Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku.

Nilipomaliza, mama yule alinisindikiza. Alipita nami mgombani, akavuka mfereji, mpaka tukafika mahali ambapo mzee hawezi kutusikia. Hapo akanishika mkono.

"Mwanangu, lile la dawa nilikujibu vile kwa sababu mzee alikuwepo. Mimi sinywi. Zahanati wanasema zimekwisha na hawajui zitakuja lini, na duka la pale sokoni nalo halina. Zilizobaki nampa yeye. Asubuhi mimi nameza maji tu, asijue."

Sasa sikiliza nilichomjibu. Nilimwambia, "Mama, karatasi nimeshaifunga. Nitarudi mzunguko wa pili, baada ya miezi miwili, tutarekebisha."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Nenda salama."

Ndani ya mkoba wangu, mwanangu, mlikuwa na karatasi ya duka moja la Lemara. Kwa mwandiko wangu mwenyewe ilisema dawa ile ipo. Nilikuwa nimeiona rafuni kwa macho yangu siku chache kabla. Kweli, tulikatazwa kuwashauri watu namna ya kunywa dawa, na katazo lile lilikuwa na maana yake. Lakini hakuna aliyenikataza kusema dawa iko wapi, wala kupita zahanati kumwambia muuguzi. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa kanuni za kazi. Nisikudanganye. Siku ile sikuikumbuka kanuni yoyote. Nilikuwa na haraka tu.

Nilirudi baada ya miezi miwili. Mzee Anaeli alikuwa amekaa nje peke yake, shati limefungwa vifungo kombo. Nilimwamkia, nikamuulizia mama.

"Tumemzika," alisema. "Alianguka shambani, kwenye kahawa. Upande mmoja wa mwili ukapooza, na maneno yakakatika. Alikaa siku mbili."

Yeye akaendelea, polepole, kama mtu anayejieleza mbele ya wazee wa kanisa.

"Daktari aliniuliza kama aliacha dawa. Nikamwambia hapana. Tulikunywa pamoja kila asubuhi, nilimwona." Akaniinulia macho. "Binti, siku ile alikusindikiza mbali sana. Wageni alikuwa akiishia nao hapo uani. Alikuambia nini?"

Siri ya aliyehojiwa haitoki, ndivyo tulivyoapa. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akizirudia asubuhi zile za dawa kichwani mwake, akitafuta alipokosea. Nikamwambia yote. Mpaka leo sijui kama nilimtendea haki, yeye au marehemu.

Akasema, "Angeniambia mimi, ningekataa. Alijua hivyo. Ndiyo maana alikuambia wewe."

Hakupandisha sauti. Akaniuliza swali moja tu, kama dawa ile ilikuwepo mahali popote. Nikasema ilikuwepo Lemara. Akaitikia kwa kichwa, akainuka akishika ukuta, akaingia ndani na kurudishia mlango taratibu. Nilibaki nimesimama pale uani na dodoso mkononi.

Jioni ile nilimweleza msimamizi wangu kila kitu. Hakunifukuza. Alitafuta karatasi ya mzunguko wa kwanza, akafuta alama yangu na kuandika pembeni kile mama alichosema. Kwa hiyo karatasi ikawa sahihi. Kesho yake, kwa ruhusa yake, nilinakili orodha ya maduka yaliyokuwa na dawa ile, nikampelekea muuguzi wa zahanati. Muuguzi alinishukuru sana, akaibandika ukutani. Kuiandika kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Mzee Anaeli aliishi miaka mingine minne. Nilikuwa nikipanda kumwona, naye alinipokea vizuri na kuniulizia wazazi wangu. Lakini mkewe hakumtaja tena mbele yangu, na mimi sikuthubutu.

Nimekuwa bibi sasa, na nasikia nawe umepata kazi ya kuzunguka nyumba za watu ukiuliza habari za maradhi yao. Ni kazi ya heshima. Bila kuuliza, wanaopanga mambo ya dawa hawatajua nani anakosa. Ila nakusihi, anayekujibu mheshimu kuliko jibu lake. Mhoji peke yake, hata kama amezeeka. Ukishafunga maswali yako, kaa kidogo, maana watu wengi husema la moyoni wakishaona kalamu imewekwa chini. Wakikuambia jambo la uhai wao, usiliahirishe mpaka mzunguko mwingine. Mtafute siku hiyo hiyo mwenye uwezo wa kusaidia, na umfikishie kwa idhini ya aliyekuamini. Na unachokijua ambacho kinaweza kumfaa mtu, usishuke nacho mlimani kikiwa kimefungwa mkobani.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Akujalie kuingia nyumba za watu kwa amani na kutoka ukiwa umewaachia kheri. Na akuepushe na majuto ya aina yangu. Amina.