Nilivyomsamehe Bwana wa Kampuni

Kwanza niseme asante, maana unga wa kampuni ile ndio uliotuvusha. Aibu ni yangu mwenyewe.

Mvua ilizoa migomba yote ya kihamba changu hapa Kirua Vunjo, wajukuu wakawa wanalala njaa. Kampuni inayonunua kahawa yetu ikaleta lori la unga kutoka Moshi. Akashuka bwana wao, Mzungu, akazunguka ua wangu, akanijia ameshika jani la isale.

Kwetu Wachagga, anayekujia na isale anaomba msamaha, na kumkatalia ni mwiko. Nikawaza, kumbe hawa ndio waliokata miti huko juu, maji yakatushukia!

Nikasimama mbele ya watu. "Baba, kosa lako ni kubwa. Lakini tumekusamehe. Shusha unga."

Karani wake, kijana wa Marangu, akamtafsiria huku midomo inamcheza. Mzungu akatoa macho. Nikaogopa atageuza lori.

"Shikamoo, bibi," karani akaniambia. "Huyu hana kosa lolote. Jani kalichuma kwenye ua wako, anafukuzia nzi."

Watu wakaangua kicheko. Mzungu naye akacheka, akanikabidhi gunia la kwanza. Nikalikumbatia, nikaficha uso nyuma yake.