Unywele wa Nyanya na Mikroni Sabini

Wiki iliyopita nilitoa unywele mmoja kwenye chanuo cha marehemu nyanya, nikaukunja ndani ya karatasi, nikaenda nao kazini Shimanzi. Mimi hufagia pale kwenye karakana ya malori. Siku tatu nilitaka kumwomba fundi mmoja kijana anipimie na siku tatu nilishindwa. Siku ya nne nilimngoja amalize chai, nikamwekea ile karatasi mbele yake.

"Unywele, dada? Haya, leo tumepata kazi." Akaubana kwa kile chombo chake kidogo cha kupimia, akasoma. "Sabini. Mikroni sabini. Ulikuwa wataka ngapi?"

Nikamwomba kalamu. Wewe unayesoma nitakueleza, kwa kuwa hunitazami usoni.

Mwaka wa tisini nilikuwa darasa la saba, nakaa Kibokoni kwa babu na nyanya walionilea. Asubuhi nilikwenda shule, alasiri chuoni kusoma Kurani. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuchota maji kwa kata ya kifuu na kumwagia babu mikononi akirudi. Alikuwa akinuka mafuta ya mashine, na maji yalitoka meusi mpaka kata ya tatu. Nyanya alimwekea kahawa na kipande cha mkate wa sinia, naye hakugusa mpaka ajitazame kucha.

Babu alikuwa fundi wa kukereza chuma kwenye karakana ya Mbaraki, akitengeneza shafti za pampu za meli ndogo. Shule hakwenda, kusoma namba alijifunza ukubwani. Kipimo chake kilikuwa kidole gumba na cha shahada. Alikishika chuma, akafumba macho, akajiambia, "Toa unywele mmoja," au, "Toa nusu unywele, usiwe na pupa." Akakipunguza mwenyewe kwa unene huo, na shafti ikaingia mahali pake kama mkono unavyoingia kwenye kanzu. Nyumbani pia hakuacha. Nyanya akikata kitambaa, babu husema, "Umezidisha unywele," na nyanya humjibu, "Basi ule huo unywele, mimi nina kazi."

Kisha akaletwa msimamizi mpya, na mashine mpya inayotegwa kwa namba. Aliwaambia mafundi kila kipimo kiandikwe kwa mikroni, yaani milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Babu angepima, aandike namba kwenye karatasi, na fundi mwingine aitege mashine kwa namba hiyo. Asiyeweza kuandika asiguse kazi.

Jioni ile babu alinikalisha karibu naye kwenye mkeka. "Mjukuu wangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Unywele mmoja ni mikroni ngapi? Niandikie kwenye karatasi, niweke mfukoni."

Hesabu nilikuwa naiweza. Kuuliza ndiko nilikokuwa siwezi. Mwalimu wa hesabu alikuwa mpole, wala hakuwahi kunichapa, lakini kila nilipotaka kunyosha mkono niliukalia. Basi nikakumbuka chuoni. Maalimu alitufundisha safari ya umbali gani ndiyo inayomruhusu msafiri kupunguza swala, na vipimo vyake tulivikariri kwa sauti, tukiyumba mbele na nyuma: dhiraa moja vidole ishirini na vinne, kidole kimoja punje sita za shayiri ubavu kwa ubavu, punje moja nywele sita za baghala, yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi.

Nilimwomba nyanya anyoshe mkono. Kutoka kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha kati nilipata dhiraa ya sentimita arubaini na tano. "Wanipimia sanda?" akaniuliza, akacheka. Nikagawanya kwa ishirini na nne, nikapata kidole karibu milimita kumi na tisa. Nikachukua shayiri ya uji jikoni, nikazipanga punje sita kwenye rula. Zilikaa sawasawa. Nilifurahi, nakwambia. Nikagawanya tena kwa sita, nikapata punje ni milimita tatu na kidogo. Nikagawanya tena kwa sita, na unywele ukawa nusu milimita na kidogo. Mikroni mia tano na ishirini.

Hapo nikang'oa unywele kwenye chanuo cha nyanya, nikaulaza juu ya rula.

Ulikuwa mwembamba kuliko hata mistari ya rula yenyewe. Ulipotea katikati ya milimita moja, ukabakisha nafasi pande zote mbili. Niliona. Si kwamba sikuona. Lakini maalimu alisema sita, na shayiri ilikuwa imekubali, nami nikasema moyoni huenda macho yangu ndiyo mabovu. Kesho yake ningeweza kumuuliza mwalimu. Nilikaa naye darasani kutwa nzima. Sikuuliza. Nikaandika 520 kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti iliyokataa kuingia. Babu aliishika, akajua ni unywele mmoja umezidi, akatoa karatasi yangu mfukoni, akaandika. Mashine ikategwa, ikala chuma kupita kiasi. Jirani yetu aliyefanya kazi huko ndiye aliyetusimulia barazani. Shafti ilicheza kama jino bovu, na meli ilikuwa inangoja. Msimamizi aliinua ile karatasi mbele ya watu wote. "Mzee, unywele gani huu? Wa mkia wa ndovu?" Wakacheka hata wale aliowafundisha kazi yeye.

Walimpa ufagio, azoe vumbi la chuma.

Nilimmwagia maji siku hiyo kama kawaida. Kata ya kwanza tu mikono ilikuwa safi. Aliniuliza polepole, "Ulipima vyema, mwanangu?"

"Ndiyo, babu."

"Basi. Hao wana lao." Akanywa kahawa yake. Aliniamini mimi, akakosa imani na vidole vyake. Tangu hapo nyanya alikata kitambaa apendavyo, na hakuna aliyemwambia amezidisha. Babu alifariki kabla ya kumaliza mwaka wa pili na ufagio ule. Mimi nilimaliza darasa la nane, nikaacha shule, na ufagio nikaurithi.

Chuo chetu sasa ni duka la viatu. Shayiri ya uji huuzwa imeshasagwa. Karakana ya Mbaraki siijui tena, sipiti njia ile. Waliojua unywele kwa kugusa tu wameondoka mmoja mmoja, na sikumbuki kumwona yeyote akimfundisha mwingine mguso huo.

Unywele niliurudisha kwenye karatasi, na pembeni nikaandika 70 kwa kalamu ya yule fundi kijana. Maalimu hakunidanganya. Yeye alisema baghala, na baghala mimi sijamwona mpaka leo. Unywele niliouona ni huu.

Nimepima vyema sasa, babu.