Kepteni wa klabu alinitangaza mwoga wa bastola, kumbe risasi alizonipa hazikufaa ule mtutu

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Jana kuna mtu kaandika humu kwamba mwanamke halengi vizuri kwa sababu anaogopa mlio. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Acha niwape yangu, na chumvi sitii.

Mimi ni mtu wa Morogoro, nesi mstaafu, naishi Edmonton, London. Mwanzoni mwa miaka ya tisini bastola zilikuwa bado halali huku kwenye klabu za shabaha, mradi una kibali. Siku zangu za off nilikuwa naenda klabu moja iliyokuwa basement ya jengo la ofisi.

Nilipenda sana. Ukilenga, kichwa kinatulia. Baada ya shifti tatu za wodini, hiyo ilikuwa dawa.

Basi ikaja habari ya mechi na klabu nyingine. Nafasi sita. Nikaanza kufanya mazoezi na bastola ya klabu, ile ya kuzungusha risasi sita, mtutu mrefu, inchi sita. Risasi alikuwa ananigawia kepteni wa klabu.

Kila nikipiga, risasi zinatua chini ya katikati. Zote. Tena zimekusanyika pamoja vizuri, ungeweza kuzifunika kwa kikombe cha chai, lakini chini.

Kepteni, mzungu mmoja mrefu, akaangalia karatasi yangu, akacheka.

"Unaogopa mlio, my dear. Mkono unashtuka kabla hujafyatua, mdomo wa bastola unainama."

Wao wanaiita flinching. Na kweli ipo, hasa kwa wanaoanza. Kwa hiyo nilimwamini! Wiki tatu nikawa najilaumu. Nyumbani nashika chupa ya maji mkono umenyooka, nahesabu, mume wangu ananiangalia tu.

Hakuna kilichobadilika. Chini, chini, chini.

Siku moja nafika, nakuta listi ya timu ubaoni. Jina langu limekatwa kalamu, pembeni kepteni kaandika kwamba bado naogopa bastola. Ubaoni, wakuu! Kila anayeenda kuchukua chai anasoma.

Mimi nimeshika mikono ya watu wakikata roho. Nimefunga majeraha ambayo madaktari wanafunzi waliyakimbia. Leo naogopa mlio?

Niliondoka pale ubaoni machozi yananilengalenga. Mzee mmoja wa klabu, Mzee Harbans, Singasinga wa Southall, akaniona. Yeye kazaliwa Kisumu, fundi wa saa, Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa. Tulizoea kusalimiana tu.

"Dada, hebu kuja hapa. Nipe hiyo bunduki yako ndogo."

Akanigeuzia mgongo, akaweka risasi kwenye matundu mengine, mengine akayaacha matupu, akazungusha, akanirudishia. Sikujua tundu lipi lina kitu.

"Piga."

Nikapiga. Tundu tupu likifika, inalia "ka" tu. Na hapo ndipo mwoga anapoumbuka, maana mdomo wa bastola unainama bila sababu.

Wangu haukutikisika. Akarudia mara tatu. Haukutikisika.

"Wewe huogopi kitu. Lete hiyo boksi ya risasi."

Akasoma ubavuni, akatikisa kichwa. Ilikuwa grain 110. Grain ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka.

Akanieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kepteni mwenyewe alikuwa na bastola ya mtutu mfupi. Mtutu mfupi hauipi risasi nafasi ya kushika mwendo, kwa hiyo yeye alipenda vichwa vyepesi vinavyowahi kukimbia. Sawa, yake hiyo.

Lakini bastola ikifyatuka, mdomo huanza kuinuka risasi ikiwa bado ndani. Kichwa kizito hukawia, hutoka mdomo umeshapanda. Chepesi hutoka upesi, mdomo haujapanda, kinapiga chini. Na kinundu cha kulengea cha bastola yangu hakirekebishiki, kilitengenezewa kichwa kizito, grain 158.

Yaani kepteni alikuwa ananigawia chakula cha bastola yake!

Mzee akanipa sita za 158 kutoka mkobani mwake. Nikalenga vilevile, mkono uleule. Tano katikati, moja pembeni kidogo.

Akamwita kepteni. Kwa upole kabisa akamkabidhi bastola yangu na lile boksi la 110 alilonigawia.

Kepteni akapiga sita. Zote chini.

"So, na wewe unaogopa?" Mzee akamuuliza. Watu wakacheka.

Mnajua kepteni aliniambia nini? Kwamba listi imeshatumwa, haibadiliki. Halafu, kwa vile siku ya mechi nitakuwa sina kazi, kama naweza kuwatengenezea sandwichi.

Nilimwambia sandwichi atengeneze mama yake. Nikachukua koti langu. Mimi na Mzee Harbans tukahamia klabu nyingine, na huko niliipigia timu yao mpaka sheria ilipokuja kupiga marufuku bastola.

Sasa sikilizeni hii. Siku ya kusalimisha silaha polisi, nilimsindikiza Mzee kupeleka yake. Kwenye foleni tukamkuta kepteni na mkewe. Akatabasamu, akamwambia mkewe, "Huyu mama alikuwa mwoga sana, mimi ndiye niliyemtoa woga."

Mbele yangu!

Nikamwambia mkewe, "Mama, mimi sikuwahi kuogopa. Mumeo hakusoma boksi." Mkewe akamgeukia, akasema taratibu, "Hata dawa zake hasomi." Kepteni akawa anakagua viatu vyake.

Funzo: kabla hujamwita mtu mwoga, kagua ulichompa mkononi. Na kwa wanaomiliki kihalali huko nyumbani, jaribuni uzito tofauti kwenye mtutu wenu wenyewe, msile ushauri wa mwenye mtutu mwingine.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine kabandikwa ubaoni kwa kosa la mtu? Na yule wa jana, nakusubiri hapa hapa.