Geti la Tatu

Jana tulimzika mume wangu Vern, na udongo haujakauka nikaanza kuwasikia. Walikuwa wamesimama kwenye ukumbi wa mji wetu, Wirrabilla, sandwichi za nyama ya kondoo mkononi, midomo imejaa keki za nazi nilizooka mimi mwenyewe, wakinong'onezana. "Fundi alikuwa fundi kweli, hilo hatumnyimi. Ila ile redio ya Darcy..." Halafu vichwa vinatikiswa. Aliyekuwa akisema hivyo ni Glenys Haddow wa ranchi ya Tarrabine. Gari lake lina redio iliyofungwa na Vern, na mpaka leo inaongea vizuri kuliko mwenyewe.

Nilitamani nimmwagie chai. Sikummwagia. Ningeanzia wapi, wakati anayejua kosa la ile redio lilitoka wapi ni mimi? Sikilizeni basi, maana nimechoka kunyamaza.

Huku kwetu jirani wa karibu yuko kilomita arobaini. Simu ya mkononi ukitoka nayo mjini inakuwa tochi tu. Gari likikwama kwenye vumbi au pampu ikifa, kilichobaki ni redio ya gari, na kwa miaka kumi na tisa redio zote za wilaya hii zilipita mikononi mwa Vern Tibbits. Hakuwa na kingine cha kujivunia. Hatukujaliwa watoto, nyumba yetu ni ya bati, na mbwa wetu alikuwa kichaa. Alichokuwa nacho ni jina lake: redio ya Vern haikuangushi.

Vern hakufunga redio kama hawa mafundi wa mjini, umeme wa kuombaomba kwenye tundu la kuwashia sigara. Yeye alivuta waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi akaiweka hapo hapo karibu. Tundu alilotoboa kwenye ukuta wa injini alilivisha mpira ili bati lisile waya. Antena aliifunga kwenye bampa la chuma la mbele, juu ya springi, maana matawi ya miti ya mulga hayana adabu. Waya wa antena hakuukunja pembe hata siku moja. "Huu ni kama mgongo wa mzee," alikuwa akisema, "ukiukunja kwa nguvu haunyooki tena."

Akishafunga, kwake kazi ilikuwa nusu tu. Kwanza alijaribu pale uani. Yeye yuko garini, mimi niko jikoni kwenye redio ya nyumbani. "Noelene, unanipata?" "Nakupata." Hapo sauti inapita chini kwa chini, gari kwa nyumba, nayo haifiki mbali. Sauti ya mbali inapitia mnara ulioko mlimani, ambao unaipokea na kuirusha wilaya nzima. Ili sauti yako ipande huko, lazima kitufe kimoja kidogo kiwe kimebonyezwa. Sisi tunakiita kitufe cha mlima. Kisipobonyezwa, unasikia kila kinachorushwa na mnara, lakini wewe husikiki. Na kwetu ni utovu wa adabu kujaribia redio mlimani saa za kazi, watu wanapoelekezana ng'ombe. Kwa hiyo uani kitufe kile Vern hakukigusa.

Ndipo inakuja sheria yake. Mwenye gari hakupewa ufunguo mpaka Vern aliendeshe mwenyewe hadi geti la tatu, kilomita thelathini barabara ya kaskazini, nyuma ya mwinuko. Akifika anabonyeza kitufe cha mlima na kuniita. Nikimjibu anarudi na kukabidhi gari. Nisipomjibu anafungua kila kitu upya. Watu walimcheka. "Vern, unanifungia redio au unaniozesha binti yako?" Yeye alicheka nao, halafu akaenda geti la tatu. Na mimi miaka yote hiyo nilikaa jikoni kama kuku anayeatamia, nikisubiri neno moja tu.

Darcy Kinnane ni mdogo wangu, tumbo moja, mwenye ranchi ya Carrawee. Tangu mkewe aondoke alikuwa ameshikana na chupa. Mara mbili majirani walichoma mafuta siku nzima wakimtafuta porini, kumbe yeye yuko baa ya mji wa pili anaimba. Mara ya pili Glenys alinisema mlimani, wilaya yote inasikiliza: "Noelene, mfunge kamba huyo mdogo wako!" Aibu ile niliimeza mimi, dada mtu, na haikushuka.

Sasa njoo Alhamisi ile ya mwezi wa saba, miaka kumi na moja iliyopita. Redio ya zamani ya Darcy ilikuwa imeungua, akanunua mpya. Vern alishinda chini ya dashibodi tangu asubuhi. Kufika saa tisa mchana tulikuwa tumekwisha kujaribu pale uani, nikampata, akanipata. Darcy akazima sigara kwa kisigino.

"Haya shemeji, lete ufunguo."

"Bado geti la tatu," Vern akasema.

"Geti la tatu tena! Mimi mtalii? Dada kakusikia, wewe umemsikia. Unangoja na ng'ombe nao waitikie?"

"Saa moja tu, Darcy. Kunywa chai."

"Chai ya huyu? Nani kakwambia nataka kufa?" Akanikonyeza. "Nina ng'ombe mia nne zizini na watu wamekaa wananisubiri. Kesho alfajiri naenda kisima cha kaskazini, pampu imekufa. Nipe gari langu, bwana."

Vern akanitazama mimi. Nami nilishavua aproni, mkoba begani. Saa kumi kulikuwa na kikao cha kamati ya mashindano ya farasi, na nikichelewa Glenys angechukua meza ya kuuzia keki. Meza ya keki! Ndiyo, cheka tu.

"Vern, mwachie mtu aende zake!" nikafoka. "Redio inaongea, mmesikiana, unataka nini tena? Umeolewa na hilo geti lako? Mimi leo sikai hapa kukusubiri."

Alisimama na ufunguo mkononi. Sikuwahi kumfokea mbele ya mteja. Akampa Darcy ule ufunguo, Darcy akaondoka na vumbi lake, mimi nikaenda kwenye kikao changu. Vern naye alikuwa na kazi ranchi moja ya mbali, kilomita mia mbili, akafungasha vyombo akaondoka jioni ile ile.

Kitufe cha mlima hakikubonyezwa. Alisahau, ndiyo, sikatai. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kukibonyeza geti la tatu, miaka kumi na tisa, si mahali pengine. Hakwenda geti la tatu, na mkono haukukumbuka. Darcy naye hakujua kama kuna kitufe. Kwenye redio yake ya zamani Vern alishakibonyeza siku ya kwanza na hakikuguswa tena.

Jumamosi asubuhi nikamsikia Glenys mlimani. "Kuna aliyemwona Darcy? Watu wake wanasema alitoka jana alfajiri na hajarudi."

Mtu wa ranchi nyingine akaitikia, "Tutoe magari?"

Hapo nikachukua kipaza sauti. Jamani, nilijua alikokwenda. Kisima cha kaskazini, alilisema mbele yangu, kwa mdomo wake. Lakini kichwani mwangu niliiona baa, nikamwona Glenys, ile aibu ikapanda kama kiungulia.

"Msipoteze mafuta yenu," nikasema. "Darcy namjua mimi. Yuko baa huko, amelewa chakari. Mwacheni, pesa ikimwishia atarudi mwenyewe kama mbwa."

Glenys akacheka. "Haya, dada mtu kasema!" Wengine nao wakacheka, kila mmoja kwenye ranchi yake. Hakuna gari lililotoka.

Vern alirudi Jumapili saa nne asubuhi. Nilimwambia, nusu kwa mzaha, kwamba shemeji yake amepotea tena. Hakucheka. Akauliza swali moja: "Redio yake imewahi kupita mlimani tangu Alhamisi?"

Nikafikiri. Haikuwahi.

"Alisema anakwenda wapi?"

Nikamwambia. Alinitazama kidogo, akatoka bila hata kunywa maji. Saa nane mchana akaita redioni: "Noelene. Nimempata, yu hai. Mguu umekwisha. Mwite daktari aje kwa ndege."

Gari lilikuwa limelala ubavu kwenye korongo, kilomita sita kabla ya kisima, mguu wa Darcy umebanwa kati ya mlango na kiti. Kilichomwokoa ni dumu la maji lililokuwa nyuma ya kiti na baridi ya msimu ule. Mguu wenyewe ulikatwa juu ya goti. Madaktari walisema kama angefikishwa Jumamosi, ungepona.

Jioni ile Vern alikaa jikoni, mikono juu ya meza, grisi na damu.

"Ni kitufe tu, Noelene. Nilikibonyeza kwa kidole kimoja."

"Alikuwa anaita?"

"Siku mbili. Sauti imemkauka."

"Maskini, na hakuna aliyemsikia."

"Hakuna," akasema. "Ila yeye alikuwa anasikia. Redio ilikuwa inawaka mpaka nilipofika. Kila kitu kilichopita mlimani alikisikia."

Nikafungulia bomba, nikalowesha kitambaa. Nikaanza kumfuta ile mikono. Nikamwambia, "Watakulaumu wewe. Waambie ni mimi niliyekuharakisha. Waambie nilijua alikokwenda."

"Wewe ni dada yake," Vern akasema. "Fundi mwingine atampata. Dada mwingine atamtoa wapi?"

Nami nikashukuru. Liseme tena, Noelene: ulishukuru! Nikanyamaza wiki ya kwanza kwa hofu, wiki ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kunyamaza kukawa rahisi kama kupumua. Haikuwa mimi peke yangu. Wale wote waliocheka mlimani Jumamosi ile walihitaji mtu wa kubeba lawama, na Vern alikuwa na mabega. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja kile kicheko. Walitaja redio. "Redio ya Vern ilimkatisha mtu mguu." Wakaanza kupeleka magari kwa fundi wa mji wa mbali, saa sita za barabara, ambaye anafunga waya kama anafunga kuni.

Kwa hiyo mume wangu akawa mtu wa friji na mota za pampu. Vifaa vyake vya redio alivipaka mafuta kila mwezi, akavirudisha rafuni. Mara moja tu, mwaka wa sita, alipita msafiri asiyejua habari zetu, akataka kufungiwa redio. Vern alifanya kazi hiyo siku nzima anapiga mluzi. Kisha akaja mlangoni, kofia mkononi, kama kijana anayekuja kuposa. "Utakaa kwenye redio, Noelene? Nakwenda geti la tatu."

Nilikaa. "Noelene, unanipata?" "Nakupata, Vern." Alirudi macho mekundu, akasingizia vumbi.

Wiki iliyopita moyo wake ulisimama akiwa bandani, mbele ya friji ya mtu.

Na Darcy? Anatembea kwa mguu wa bandia na fimbo, pombe aliacha. Tukikutana dukani ananiinamishia kofia. Kuhusu siku zile hajawahi kufungua mdomo, si kwangu, si kwa Vern, si kwa yeyote. Watu wanasema gari lake lina redio lakini haongei, anasikiliza tu. Jana alisimama nyuma kabisa, na kabla chai haijamiminwa alishaondoka.

Leo asubuhi niliamka na maneno ya Glenys yananikwaruza kooni. Saa kumi na mbili ndiyo saa ambayo ranchi zote ziko mlimani, zinapanga kazi ya siku. Nikakaa jikoni kwenye kiti changu kile kile. Nikabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Hapa ni Noelene Tibbits," nikasema. "Acheni ng'ombe kidogo mnisikilize. Ile redio ya Darcy ilikuwa nzima. Vern alitaka kwenda geti la tatu kama kawaida yake, mimi nikamkataza, nikamfokea, kwa sababu ya meza ya keki. Na Jumamosi ile nilijua Darcy yuko kisima cha kaskazini, nikawaambia yuko baa. Nanyi mkacheka. Glenys, ulicheka wewe wa kwanza. Vern amebeba haya yote miaka kumi na moja, amekwenda nayo kaburini. Jina lake lisafisheni. Langu fanyeni mtakavyo."

Nikaachia kitufe cha kuongelea. Ranchi kumi na mbili, na hakuna hata aliyekohoa. Glenys, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, naye kimya. Chai yangu ikaota utando.

Halafu redio ikakwaruza, ikatoka sauti ambayo haijapita mlimani tangu siku ile.

"Nakupata, Noelene," akasema Darcy. "Hata Jumamosi ile nilikupata."