Vitumbua vya Bi Zaina kwenye meza ya wakwe

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu usiipunguze hata kidogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mjane, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani hapa La Rochelle, Johannesburg. Binti yangu wa pekee anaolewa kesho, na leo asubuhi nimeshindwa hata kuitikia salamu yake.

Huku kuna mtindo kwamba siku mbili kabla ya harusi mnakwenda kanisani kufanya mazoezi ya kuingia na kutoka, kisha familia mbili zinakula pamoja. Mapambo ya chakula hicho niliyafanya mimi. Wiki nzima nimeshona vitambaa vya meza na vifuniko vya viti, nimefunga riboni, nimepanga maua, na kwa mkono wangu nimeandika majina thelathini kwenye vikadi ili kila mtu ajue pa kukaa. Kwenye orodha aliyonipa binti yangu, Bi Zaina hakuwemo.

Bi Zaina ni Mtanzania wa Tanga. Tulipofika mji huu hatuna mtu, alitugawia nusu ya chumba chake mtaa wa Berea, pazia katikati. Binti yangu alikuwa na miezi minane. Nilipokuwa nazunguka Doornfontein kutafuta kazi ya kushona, yeye ndiye aliyembeba mgongoni huku anauza vitumbua. Miaka minne! Basi nikaandika kadi ya thelathini na moja, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni yangu, nikampigia simu aje.

Jana tuliporudi ukumbini kutoka kanisani, kadi haipo na kiti kimeondolewa. Nikiwa nawasha mishumaa nikasikia sauti ya Bi Zaina mlangoni akimwambia mlinzi, "Hebu nitazame vizuri, baba, mimi ndiye niliyemlea bibi harusi." Mlinzi anaangalia karatasi yake ya majina tu. Binti yangu akatoka, akamkumbatia, nikamsikia, "Ma Zaina, leo ni ya familia tu. Tutaonana Jumamosi."

Familia tu! Bi Zaina akasema, "Haya mwanangu, basi pokea hivi, bado vya moto." Akamkabidhi hotpoti ya vitumbua, akaondoka. Na mimi nilibaki nimesimama na kiberiti mkononi, kwa sababu mama wa bwana harusi alikuwa ananisifia mapambo. Nalisema hili mapema, anayetaka kunitukana anitukane.

Nikamvuta binti yangu jikoni. "We mutoto, unajua ule mama ni nani kwako?" Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba wakwe ni watu wenye mali wa Lubumbashi, amewaambia tangu tufike huku tumeishi kwenye nyumba yetu wenyewe, na Bi Zaina akikaa tu ataanza habari za Berea. Eti nisimharibie.

Haikuishia hapo. Vitumbua vyenyewe akavipanga kwenye sinia zuri, akavipeleka mezani. Wakwe wakala, wakaongeza. Mama wa bwana harusi akauliza, "Hivi vitamu hivi, ni nani alipika?" Binti yangu, macho makavu, akajibu, "Ni mama yangu." Meza nzima ikanigeukia. Mimi, ambaye sijapika kitumbua hata kimoja maishani mwangu, nikasema asante. Mama yule akaniomba nipike vingine vya kesho.

Tangu jana Bi Zaina hapokei simu yangu. Na binti yangu amenitumia ujumbe kunikumbusha kwamba kesho nitapewa kipaza sauti nitoe neno la mzazi, lisizidi dakika mbili, na Berea nisiitaje. Dakika mbili zinanitosha kabisa kumtaja Bi Zaina mbele ya wakwe wote, lakini naogopa zinatosha pia kumvunjia mwanangu ndoa siku ya kwanza. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfukuza yule mama mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Wazazi wenzangu, nishaurini leo leo, maana kesho saa nne nitakuwa nimesimama mbele ya watu: niseme nini?