Shaba Niliyoipika Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza maabara, hospitali ya Mpanda, niliharibu damu ya mgonjwa kwa usafi. Nyie vijana mnafungua chupa mpya kwa kila mgonjwa. Sisi miaka ya sabini tulichemsha, tukatumia tena. Nikaambiwa nichemshe chupa za damu. Mimi, mtoto wa nyumbani, nikakimbilia kwa mama kuazima sufuria ya shaba, nikaisugua kwa limau ikawaka kama pete ya harusi. Nilijiona fundi.

Damu ilikuwa ya Yustina wa Ilembo. Alikuwa ameolewa juzi tu, mikono ikaanza kumtetemeka, maneno yakawa mazito mdomoni. Wakwe walisema pepo. Daktari aliona duara la kahawia kuzunguka mboni, akashuku shaba. Madini hayo yamo kidogo kwenye chakula, na ini hutoa ya ziada. Ini likishindwa, shaba hulundikana humo na kwenye ubongo, huku ile ya kwenye damu ikipungua. Kipimo kilikuwa Dar es Salaam, kwa mashine inayosoma mwanga wa mwali wa moto. Damu ikaenda kwa treni.

Majibu yakarudi: shaba tele. Bwana Mkuu wa Maabara, mtu asiyepandisha sauti, akaniita.

"Kwa majibu haya, huyu binti ni waya wa simu. Chupa ulizichemshia kwenye nini?"

"Sufuria ya shaba ya mama, Mkuu. Niliisugua kwa limau."

Akafumba macho. "Limau limeyeyusha shaba ikaingia kwenye chupa. Basi tumepima sufuria ya mama yako."

Nje alikuwa amekaa baba yake Yustina. "Wakwe wanasubiri neno lenu," alisema. "Mkikosa ugonjwa, basi ni pepo, wananirudishia mwanangu."

Nilidhani Mkuu atasingizia mashine. Akasema, "Mzee, tumekosea sisi, maabara. Naomba damu nyingine. Kwa wakwe nitakwenda mwenyewe." Akapanda baiskeli, akaenda kuwaomba wasubiri. Sijaona tena mkubwa akibeba kosa la mdogo namna ile.

Aliporudi akanifundisha: chupa zilale kwenye tindikali, zisuuzwe kwa maji ya mvuke yasiyo na madini, kidole kisiguse ndani. "Na safari hii damu utaipeleka wewe." Mimi, ambaye hata Kasokola, kijiji cha jirani tu, kwangu ilikuwa ng'ambo! Nilikumbatia boksi la barafu mpaka Dar, sikuthubutu hata kushuka Tabora kununua karanga.

Shaba ikaonekana iko chini. Ugonjwa ukapata jina, wakwe wakaacha habari za pepo, ikaagizwa dawa ya kuitoa mwilini, dawa ya maisha. Baadaye nikamkuta Yustina sokoni akipepeta mchele, punje haidondoki.

Walinihamisha mara kadhaa. Kila mara niliomba kurudi Mpanda. Sasa nimestaafu, mke wangu ananiita kabati, eti sihami nilipowekwa. Juzi Yustina alipita na wajukuu, nikamsimulia jirani yangu Mama Kashindye jinsi tulivyomponya. Akaendelea kuchambua mboga.

"Nyie mlimtoa damu tu, baba. Kumeza dawa kila siku mpaka uzeeke, hiyo ndiyo kazi. Wewe hata ya malaria humalizi."