Siku Kreti Tupu Ilipopimwa Ikawa Sangara

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, lakini ofisini kwetu Nyamagana walikuwa wameshaanza kuniita mtaalamu. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la nyavu, na mtaalamu alikuwa mtu yeyote anayeweza kuifanya kompyuta iache kulalamika. Mimi niliweza. Ndicho kilichoniponza.

Tulikuwa na programu ya kupimia samaki kwenye mwalo wa Kirumba, wanakoshushia samaki wa ziwani. Samaki wanawekwa kwenye mzani wakiwa ndani ya kreti, programu inasoma uzito, inatoa uzito wa kreti ubaki wa samaki tu, inachapa karatasi. Aliyeiandika alikuwa ameshahamia Dodoma. Ilipoletwa kompyuta mpya, bosi akaniambia niijenge upya.

Kujenga programu, kwa asiyejua, ni kuyageuza maandishi ya binadamu kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Kazi hiyo inafanywa na vyombo kadhaa vinavyopokezana. Kimojawapo, ambacho nitakiita mkusanyaji, kinakusanya makro, yaani maneno mafupi ambayo kila moja linasimama badala ya maelezo marefu. Maktaba ya mzani, yaani fungu la maandishi tayari linaloiwezesha programu kuongea na mzani, ilikuja na faili lake la makro, linaloeleza namna ya kuikagua maktaba hiyo: ipo au haipo, inaweza nini. Mkusanyaji alitakiwa alikute faili hilo. Ila mkusanyaji alikuwa anatafuta kwenye folda moja tu, aliyozaliwa nayo, na maktaba nilikuwa nimeisakinisha mwenyewe, kwa hiyo faili lake likakaa folda nyingine. Walikuwa kwenye diski moja na hawakujuana, kama wapangaji wa nyumba moja waliokosana.

Mkusanyaji angesema tu kwamba hakuliona faili, tungeelewana. Hakusema. Alilipitisha neno fupi kama lilivyo, chombo kilichofuata kikajikwaa nalo, na ujumbe ukatoka kwamba kuna kosa kwenye mstari wa elfu kadhaa wa faili ambalo hakuna binadamu aliyeliandika. Siku mbili nzima nilikaa narekebisha mstari huo. Kila nikijenga upya, faili zima linatengenezwa upya na marekebisho yangu yanafutika. Siku ya tatu nikalinakili faili la makro kwa mkono, nikalibandika kwenye folda ya mkusanyaji. Ikakubali.

Bosi akasimama nyuma ya kiti changu. "Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, bosi."

"Ulifanyaje?"

"Nimeoanisha mazingira."

Sijui maneno hayo yana maana gani. Hata yeye hakujua, lakini aliyapenda, akayatumia kwenye barua mbili wiki hiyohiyo.

Miezi ikapita. Maktaba ikatoa toleo jipya, lenye njia mpya ya kutoa uzito wa kreti, nikalisakinisha. Faili jipya la makro likaenda kwenye folda yake kama kawaida. Nakala yangu ya zamani ikabaki kwa mkusanyaji, naye nilipojenga upya akaikuta, akaridhika, hakuwa na haja ya kutafuta zaidi. Nakala ikaikagua maktaba kwa maswali ya zamani, haikupata majibu, ikaamua kwamba kazi ya kutoa uzito wa kreti haiwezekani. Programu ikajengwa bila kazi hiyo. Haikuandika onyo popote. Nilifurahi kuona imejengwa haraka kuliko siku zote, nikaipeleka mwaloni.

Siku nne baadaye akapanda ngazi mama mmoja anayekaanga samaki mtaa wa Mirongo, kreti tupu kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzani wenu wa hapa unatumia programu ileile ya kule mwaloni?"

"Ileile."

Akaweka kreti juu ya mzani wetu wa majaribio, akarudi nyuma hatua moja. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Karatasi ikatoka: sangara, kilo mbili na nusu.

Mama akaichukua, akaisoma taratibu, akaniwekea mezani. "Siku nne nimenunua plastiki. Huyu sangara nimkaange na mafuta gani?"

Bosi akatoka chumba cha pili, akaangalia karatasi, akaangalia kreti, akasema inawezekana kreti ina unyevu. Mama akapitisha kiganja ndani ya kreti, akamwonyesha kiganja kikavu. Bosi akasema ataitisha kikao.

Kikao kilianza saa nne asubuhi hiyohiyo. Tulikuwa watu watano. Mmoja alipendekeza tununue mzani mwingine, mwingine akapendekeza wauzaji wapewe elimu, na bosi akazungumza kwa kirefu juu ya upepo wa ziwani. Mimi nilijua. Nilijua tangu karatasi ilipotoka, maana nilikumbuka nakala yangu ilipo. Nikafungua mwongozo wa mkusanyaji, kitabu ambacho mimi, mtaalamu wa ofisi nzima, nilikuwa sijawahi kukisoma. Ukurasa wa tatu ulieleza kwamba ukiweka kwenye folda yake faili dogo lenye orodha ya folda nyingine, atakwenda kutafuta na huko. Mstari mmoja unatosha. Walikuwa bado kwenye upepo nilipoondoka.

Nikafuta nakala, nikaandika ule mstari mmoja, nikajenga. Nikaweka kreti ya mama kwenye mzani. Sifuri.

Mwenyewe alikuwa bado kwenye benchi la nje ya mlango, anapepea uso na bahasha. Nikamwita aone.

"Kumbe ilikuwa nini?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Niliacha karatasi ya zamani mahali ambapo mashine inaangalia kwanza, ikafuata ya zamani."

"Huko ndani wanajua?"

"Bado."

"Basi kawaambie, na uje uwaambie wenzangu mwaloni. Mimi nikisema watadhani nimehongwa."

Nilikwenda mwaloni mchana uleule. Wanawake kama kumi walinisikiliza wakiwa wamekunja mikono, nikapokea nilichostahili, nikakagua mzani mbele yao mara tatu, maana mara mbili hazikuwatosha.

Jioni nikamwambia bosi ukweli wote, toka siku ya kunakili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kompyuta yake.

"Hapa kwenye ripoti usiandike kosa," akasema. "Andika changamoto ya kimfumo."

"Lakini mfumo haukufanya kitu, bosi. Nilifanya mimi."

"Wewe si sehemu ya mfumo?"

Ripoti ilitoka na kurasa sita. Upepo wa ziwani ulipata ukurasa na nusu, na ule mstari wangu mmoja ukaitwa mageuzi. Mwisho kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mtaalamu. Nikasaini.